Kumfundisha Waache Kupokea Mgeni

Minza Mahona alikuwa fundi cherehani mtaa wa Malambo, Bariadi, na kwa miaka kadhaa watu pekee aliozungumza nao mchana kutwa walikuwa wale waliokuja kupimwa nguo. Mume wake, Shigela, alikuwa ameondoka na ng'ombe kwenda Katavi kutafuta malisho mwaka ule mvua zilipogoma. Alisema atarudi mambo yakikaa sawa. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye kwenye sikukuu, na mwishowe habari zake zikawa za kusikia kwa watu: Shigela kaonekana Mpanda, Shigela kanenepa, Shigela yuko na mwanamke. Binti yao wa pekee, Winnie, alikuwa ameolewa Kahama, ana watoto wadogo na mume asiyependa safari.

Kwa hiyo Minza hakuwa mjane, hakuwa ameachika, na mume hakuwa naye. Kigangoni, akina mama walipogawanywa kwa kazi, wajane huku na wenye waume kule, yeye alibaki katikati akijifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

Mbwa alikuja kwa sababu ya wezi. Walianza na kuku, wakaja kwenye sufuria, mwisho wakang'oa hadi mlango wa choo. Kaka yake, Bujiku, anayefuga kule Mkula, akamletea mtoto wa mbwa ndani ya kiroba, dume, rangi ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa vizuri, sikio moja limesimama na jingine limelala.

"Mpe jina," Bujiku alisema.

Siku zile wifi yake, Kwandu, dada yake Shigela, aliyekaa jirani tu, alikuwa amesema bombani mbele ya watu kwamba kaka yake hakukimbia ukame, alikimbia mdomo wa mke. Minza alikuwa nyuma yake na ndoo. Aliporudi nyumbani akampa mbwa jina la Waache. Kwetu mbwa ana kazi hiyo pia, kubeba maneno ambayo mwenye mbwa hawezi kuyasema. Kila jioni Minza alisimama uani akaita kwa sauti ya kuvuka uzio: "Waache! Waache, njoo ule!" Kwandu alielewa. Kuanzia hapo hawakusalimiana tena.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Waache alilala chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, na Minza alimsimulia mambo: nani kanenepa tangu apimwe mara ya mwisho, nani kaleta kitambaa kifupi anataka gauni refu. Mbwa alisikiliza na lile sikio moja. Ilikuwa ni nafuu kubwa, kuwa na kiumbe cha kugeuza kichwa unapoongea.

Alipokaribia mwaka ndipo akaanza. Kwanza kiroba cha vipande vya vitambaa: alikikumbatia kwa miguu ya mbele akawa anatikisa kiuno kama dume lililopata jike. Minza alicheka. Mara mbuzi mdogo wa jirani; Minza akamfukuza kwa ufagio. Kisha miguu ya wateja.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa siku ya kwaya. Kigango kilikuwa kinashona sare mpya, na kazi hiyo alipewa Minza. Akina mama wakaja wote kwa pamoja, wamejaa benchi na ngazi za baraza, pamoja na katekista Marcelo, mzee mtaratibu ambaye hata akikohoa huomba radhi. Katekista akasimama kwenye mkeka, kanyoosha mikono apimwe mabega. Waache, aliyekuwa akizunguka kutoka mgeni hadi mgeni ulimi nje, akamjia kwa nyuma, akamkumbatia mguu, akaanza.

"Waache!" Minza alipiga kelele. "Waache! Waache!"

Kadiri alivyopiga kelele ndivyo mbwa alivyozidi. Katekista akaruka kwa mguu mmoja hadi ukutani, na mbwa naye akaruka hivyo hivyo. Akina mama walicheka hadi wengine wakashikilia mbavu. Aliyeacha kucheka mapema ni Martha, mwenyekiti wa kwaya. Alimtazama mbwa, akamtazama Minza, akauliza taratibu:

"Mama Winnie, hivi huyu mbwa hii tabia kaitoa wapi?"

Kicheko kikazimika. Minza alimburuta mbwa kwa shingo hadi nyuma ya nyumba, na aliporudi, nusu ya wageni walikuwa wameshasimama kwa kuondoka. Sare zilishonwa na fundi mwingine wa Somanda.

Baada ya hapo maneno yalitembea. Mwanamke anakaa peke yake, watu walisema, na dume la mbwa ndani. Hakuna aliyemalizia sentensi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu sentensi isiyomaliziwa huwezi kuikanusha. Wateja wakawa wanasimama getini wakiuliza, "Amefungwa?" Baadaye hawakuuliza tena, walipita moja kwa moja.

Minza alimpiga Waache kwa rula ya mbao ya kupimia kitambaa. Mbwa akajifunza kuiogopa rula, akawa anajikojolea akiiona, lakini mguu wa mgeni akiuona bado aliuparamia. Alimmwagia maji. Mwisho akamfunga kwa mnyororo kwenye mpapai, asubuhi hadi jioni. Akawa anazunguka mti hadi mnyororo unaisha, halafu anazunguka upande wa pili. Alipofunguliwa alikuwa kama kichaa: alimparamia Minza mwenyewe, na Minza akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Mtilie sumu," Bujiku alisema kwenye simu. "Nitakuletea jike."

"Nitafikiria."

"Unafikiria nini? Ni mbwa tu huyo."

Hakuweza kumwambia kaka yake kwamba huyo mbwa tu ndiye anayesimama akisikia mlango unafunguliwa.

Ndipo gari la matangazo likapita mtaani likisema kuna chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Minza alimfunga Waache kamba, akaenda akijua kabisa kitakachotokea, na kikatokea. Mbwa alipofika mezani alimrukia afisa mifugo, akamkumbatia paja. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

Afisa mifugo alikuwa msichana wa Rombo, anaitwa Goodness, ingawa watu walimwita bwana mifugo hivyo hivyo, kwa mazoea ya cheo. Hakupiga kelele. Alijitoa kwa kusogea pembeni, akampa mbwa mgongo, akakunja mikono na kuangalia juu kama mtu anayesubiri basi. Waache alijaribu tena, akajaribu tena, kisha akashuka. Akasimama amechanganyikiwa. Goodness akageuka, akamkuna chini ya kidevu, akamchoma sindano kabla hajajua.

"Mama, anafanya hivi kwa wageni wote?" aliuliza.

Minza alitazama chini. "Wote. Nisamehe, mwanangu."

"Sijakasirika. Unakaa wapi? Nitapita kesho."

Kweli akapita, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa lafudhi iliyomfanya Minza atabasamu bila kutaka. Alimkagua mbwa sehemu zile kwanza, asije akawa na kidonda au tatizo la mkojo. Hakuwa nalo. Kisha akakaa kwenye benchi ya wateja, akautazama mpapai na mduara uliochimbwa na miguu ya mbwa kuuzunguka.

"Anashinda hapa?"

"Sasa nifanyeje? Akifunguliwa ni aibu."

"Na watu wanaokuja hapa kwa siku ni wangapi?"

Minza alitazama getini. "Siku hizi, hakuna."

"Mama, watu wanadhani mbwa akifanya hivi anatafuta jike tu. Mara nyingine ndiyo. Lakini wengi hufanya hivi wakizidiwa na furaha, hata majike hufanya. Huyu anashinda hajaona mtu, hajatembea, hana la kufanya. Mgeni akija, furaha inamjaa hadi hajui aipeleke wapi, ndiyo inatokea hapo. Halafu wewe unamwitaje?"

"Waache."

"Na akifanya, unasemaje?"

"Nasema, Waache! Wa..." Minza akakatika katikati.

"Anasikia unamwita jina lake kwa nguvu, mbele ya wageni, na watu wanacheka," Goodness alisema. "Kwake hiyo ni ngoma, mama. Unampigia makofi acheze."

Minza akaziba mdomo kwa kiganja. Alicheka, na alipoanza kucheka akaona kicheko kinakaribia kuwa kilio, akanyamaza.

"Basi mhasi," alisema. "Wasukuma tunahasi madume ya ng'ombe, tunajua. Lete lile koleo la kuhasia."

"Koleo si la mbwa. Yeye atachomwa sindano ya usingizi, apasuliwe kidogo, ashonwe. Nitamfanyia dawa zikifika, na itasaidia. Lakini hii imeshakuwa mazoea. Nikimhasi, nawe usipomfundisha, ataendelea kwa mazoea tu. Na rula ile iweke mbali. Mbwa mwenye hofu hajui kutulia."

Akamwonyesha. Asubuhi kabla ya jua kali, mtembeze hadi achoke. Mfundishe kukaa, kwa neno moja tu, na akikaa mpe kipande cha dagaa. Akianza kuparamia, usiseme kitu; geuka, mwondoe kwa kamba bila hasira, mweke kivulini mpaka apoe, kisha mrudishe. Akiwa na miguu yote minne chini, hapo ndipo apendwe.

"Kisha umzoeshe wageni," Goodness alimaliza. "Mtu aje apige hodi, mbwa akae, mgeni aingie. Mara nyingi, kila siku. Hilo ndilo somo lenyewe. Mengine yote ni ya kumwandaa tu."

Minza alianza kwa matembezi. Mwanamke wa makamo na mbwa kwenye kamba, kama polisi au mzungu, wakipita kando ya mashamba ya pamba kabla watu hawajaamka vizuri. Wenye baiskeli waligeuka kumtazama hadi wakayumba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Waache alinusa kila kichaka, akarudi nyumbani anahema, akalala chini ya cherehani kama zamani. Kukaa alijifunza haraka. Kwa dagaa wa Nassa angejifunza hata kusali.

Lakini wageni hakuwa nao. Jioni moja Minza alikaa barazani akapitia majina. Martha, hapana. Katekista, Mungu apishe mbali. Goodness alikuwa na kata nzima ya kuhudumia. Winnie yuko Kahama. Alipitia hadi majina ya watu waliokufa, ndipo akajua kwamba ameyamaliza. Kumfundisha mbwa kupokea mgeni kunahitaji mgeni, na yeye hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwomba aje apige hodi.

Kesho yake akaenda kwa Kwandu.

Kwandu alikuwa anapepeta choroko uani. Alimwona akiingia, akaendelea kupepeta.

"Wifi, nina shida," Minza alisema.

"Ya kaka yangu?"

"Ya mbwa."

Ungo ukasimama. "Yule uliyempa jina kwa ajili yangu."

"Huyo huyo."

"Amefanyaje? Si nimesikia anaoa watu."

"Ndiyo shida yenyewe. Naomba uje kwangu upige hodi."

"Halafu?"

"Halafu uingie. Usimwangalie, usimshike. Akitulia unampa dagaa. Kisha unatoka nje, unarudi tena."

Kwandu alimtazama kwa muda, choroko zikimdondoka pembeni ya ungo. "Mimi nije niwe mgeni wa mbwa. Kwa nini mimi?"

Minza alikuwa ameandaa jibu, kwamba ni kwa sababu nyumba zao ziko karibu. Likakataa kutoka.

"Sina mwingine," alisema.

Kwandu akaweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, akatangulia kwenda getini.

Siku ya kwanza haikufaa. Waache alimparamia mara tu alipoingia, na Kwandu, ambaye alikuwa ameapa hatacheka, alicheka hadi akakaa chini, na hapo ndipo mbwa alipoona amepata sherehe. Minza alimwondoa kwa kamba bila neno, akamweka kivulini, wakaanza upya. Kwandu alikuja tena siku iliyofuata, na nyingine. "Hodi!" "Karibu!" Mbwa anakaa, anatetemeka matako, anainuka. Nje tena. "Hodi!" "Karibu!" Polepole ule mtetemeko ukawa mfupi. Katikati ya hodi na hodi wanawake hao wawili waliongea mambo ya nje nje: bei ya mkaa, goti la Kwandu, panya kwenye ghala. Jina la Shigela hakuna aliyeligusa.

Hadi alasiri moja, Kwandu akiwa ameingia, mbwa amekaa vizuri, na Minza ameshika dagaa mkononi.

"Shigela alinipigia simu," Kwandu alisema, macho kwa mbwa. "Amejenga huko, ameezeka bati. Ana watoto na yule mwanamke. Amesema nikwambie usimsubiri. Nimekaa nalo tangu wakati wa palizi."

Minza akafumba mkono wenye dagaa.

"Nilimwambia aseme mwenyewe. Akakata simu." Sauti ya Kwandu ilishuka. "Na yale maneno ya bombani, wifi, nilikuwa na hasira zangu. Na mimi aliniacha. Yeye ndiye alikuwa ananilimia. Aliondoka na ng'ombe wa kulimia, hakuniaga. Nikaona bora iwe kosa lako."

Mkono wa Minza ulikuwa umefumba, dagaa wamevunjika ndani ya kiganja. Alikuwa amejua. Alikuwa amejua siku nyingi, lakini kujua ukiwa peke yako kunakuachia mlango wazi kidogo, na sasa mtu alikuwa ameufunga.

"Toka nje," alisema. "Piga hodi tena. Bado hajatulia."

Mbwa alikuwa ametulia kabisa. Kwandu aliliona hilo, akatoka hata hivyo. Akasimama nje ya geti.

"Hodi."

Minza alifungua mdomo. Lile neno "karibu" halikutoka.

"Hodi, wifi."

Waache akainuka. Alitazama geti, akamtazama Minza, akatazama geti tena, mwili wote ukimtetemeka. Kisha akakaa mwenyewe, bila kuambiwa. Kwandu akaingia bila kukaribishwa, akafungua vidole vya Minza kimoja kimoja, akachukua vile vipande vya dagaa, akampa mbwa. Wakakaa kwenye benchi ya wateja. Hawakushikana mikono wala nini. Walikaa tu hadi jua likaondoka barazani, na Kwandu akasema anaenda kuanua choroko zake.

Waache alihasiwa baada ya msimu wa pamba, juu ya meza ya kukatia nguo iliyotandikwa shuka safi. Minza alimshika kichwa hadi usingizi ukamchukua. Alipona vizuri. Hakugeuka kuwa mbwa mwingine: wageni wakizidi, bado anaweza kwenda kukikamata kiroba cha vitambaa, na Minza humwongoza kivulini na mfupa wake, humwacha huko hadi apoe. Hapigi kelele tena.

Wateja walirudi mmoja mmoja, karibu na shule kufunguliwa. Martha alikuja na sketi ya mtoto wake ya kupunguza. Alisimama getini, mbwa akakaa, akasema, "Kumbe anajua kukaa," basi, hilo ndilo lililokuwa la kusemwa. Sare za kwaya zilibaki Somanda. Goodness alihamishiwa wilaya nyingine. Alikuja kuaga, akanywa chai, akasema atakuwa anapita. Minza alimshukuru kwa Kisukuma, "wabeja, mwanangu," akamsindikiza hadi barabarani, na hajamwona tena. Mvua zilipoanza, Kwandu alihamia shambani kwake kule Dutwa hadi kupanda kuishe. Akirudi mjini hupita kuangalia mbwa. Si kila mara.

Winnie alipiga simu Jumapili moja alasiri. Minza alimweleza habari za baba yake kwa sentensi moja, maana hakuwa na ya pili. Akasikia binti yake anavuta kamasi, kisha mtoto akalia, kisha mtandao ukakatika. Minza aliweka simu juu ya cherehani akasubiri irudi. Haikurudi. Akainuka akawasha mkaa, akasonga ugali mdogo, wa mtu mmoja na mbwa.